Wazamiaji wanahesabu dakika. Siye je?

Kuna familia, nyingi za Ufaransa, zinafunga nyumba yao na kwenda kuishi mwaka mzima ndani ya mashua ya tanga. Wanavuka Atlantiki wakati upepo ni mzuri, wanafika Guadeloupe na visiwa vya jirani. Watoto wanasomea ndani ya mashua, masomo yanatoka CNED. Mwezi wa 6 ukianza, wengi wanatoka kule juu ya zoruba.

Kwetu watu wanasema: hayo mambo ya wenye franga. Ni kweli. Tena ni mambo ya konje: sheria ya kule inamruhusu mfanyakazi kuomba miezi 6 mpaka 11 bila mshahara, na kazi yake inamngoja. Siye hata konje ya kawaida tunaigombania. Lakini leo acha konje. Tuangalie namna wanashuka.

Kwa vile vidogo vya Pigeon, Guadeloupe, wanazama na chupa ya hewa mgongoni. Mtoto wa miaka 10 hapiti mita 12, na mkubwa iko pembeni yake. Hakuna anayeshuka peke yake. Kupanda ni polepole, na karibu ya kutoka, kwa mita 5, wanasimama dakika 3 wakiangalia saa. Kisha hata mlima wanauogopa: La Soufrière iko mita 1467, na aliyezama leo anangoja mpaka kesho ndiyo aupande. Juu gani? Hewa iliyosukumwa ndani ya damu, ukipanda haraka, inafanya povu, sawa chupa ya Simba ukiifungua mbio. Povu ile inaumiza viungo, inalemaza, inaua.

Sasa, ndugu wachimbaji, nani alilipia akili hiyo? Ni wachimbaji. Kule Chalonnes, Ufaransa, injinia Triger alikuwa anachimba makaa chini ya mchanga wa mto Loire. Alisukuma hewa ya nguvu ndani ya shimo ili maji yasiingie. Mwaka 1841 akaandika kwamba wafanyakazi wawili walitoka na maumivu, mmoja kwa mkono, mwingine kwa magoti. Wakasuguliwa na pombe, wakarudi kazini. Mwaka 1854, madaktari Pol na Watelle wakaandika juu ya mgodi wa Douchy: wafanyakazi walikufa, na hatari ilikuwa wakati wa kutoka. Mwaka 1908 ndipo Haldane, Mwingereza aliyeshauri pia kupeleka ndege wadogo chini ya mgodi ili kujua hewa mbaya, akatoa hesabu ya kupanda kwa hatua. Leo familia inazama kwa furaha, na mimi siwaonei wivu. Mwili wa mchimbaji ulifundisha dunia nzima.

Ila akili ile haikurudi kwetu. Shimo letu haliko na hewa ya kusukumwa, ugonjwa ule hauko wetu. Wetu ni udongo kuanguka na hewa kukosa. Sheria inasema mchimbaji wa mikono asipite mita 30. Wazamiaji wengi wa kujifurahisha nao wanaishia mita zile zile 30, na wao wanaheshimu.

Kwa carrière moja niliuliza mkubwa wa équipe: wangapi wako chini? Akanijibu: « karibu kumi na mbili ». Karibu! Mama anayezama na mtoto wake hawezi kusema wako « karibu » wawili.

Kwa hiyo kwa mkutano wa cooperative, mambo tutakayoomba hayaitaji milioni. Daftari kwa mdomo wa shimo: jina, saa ya kushuka, saa ya kutoka. Mtu mmoja kazi yake ni kamba tu, na analipwa sawa na wengine, maana asipolipwa ataenda kuosha mawe. Mita zipimwe na kamba yenye mafundo, siyo kwa macho. Na nyinyi mama za nyumba, bwana akirudi, muulizeni nani aliandika jina lake asubuhi.