Amri Iliyotumwa Siyo Kazi Iliyotendeka

Mzazi akimtuma mtoto dukani, hadhani kwamba sukari imekwisha fika nyumbani kwa sababu tu mtoto ameitika "naam". Husubiri mpaka aione. Jambo hili dogo, analolijua kila mzazi, husahauliwa mara nyingi katika mitambo mikubwa, ambako siku hizi vali nyingi za maji, mafuta na gesi hufunguliwa na kufungwa kwa amri ya kompyuta iliyo mbali.

Safari ya amri hiyo si fumbo. Kompyuta ya kuongozea mitambo hupeleka katika waya ujumbe mfupi wa tarakimu: namba ya vali inayohusika, kazi inayotakiwa, na kiasi, tuseme ifunguke nusu. Vyombo vyote vilivyoungwa katika waya huo husikia, lakini chenye namba hiyo ndicho kinachotii. Mota yake huzunguka, gia huusukuma mlango wa vali, na swichi huisimamisha mota mlango ufikapo mwisho.

Utaratibu mmoja unaotumiwa sana kwa mawasiliano haya ni Modbus, uliotolewa Marekani mwaka 1979. Chini ya utaratibu huo, chombo kikipewa agizo moja hujibu kwa kulirudia agizo lile lile. Jibu hilo lina maana moja tu: "nimesikia". Halisemi kwamba mlango umefunga. Gia yaweza kuwa imekatika, au jiwe limekwama ndani ya bomba, na jibu likaja vile vile. Anayetaka ukweli hana budi kuuliza swali la pili: je, mlango uko wapi sasa?

Mwaka huo huo wa 1979 dunia ilipata funzo kali. Mitambo iliyohusika haikuongozwa kwa utaratibu tulioueleza, lakini kosa lilikuwa la namna moja. Tarehe 28 Machi, katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, huko Pennsylvania, Marekani, vali ya kupunguza shinikizo ilifunguka kama ilivyopasa, kisha ikakwama wazi. Taa iliyokuwa katika chumba cha kuongozea mitambo ilionyesha kwamba amri ya kufunga imetoka. Wafanyakazi wakaamini kwamba vali imefunga. Maji ya kupozea tanuri yakapotea kwa muda wa zaidi ya saa mbili, na karibu nusu ya kiini cha tanuri ikayeyuka. Kazi ya kusafisha iliendelea hadi mwaka 1993, nayo iligharimu karibu dola bilioni 1.

Ni rahisi kuwalaumu wafanyakazi wale. Ni kweli kwamba walikosea, lakini walikosea wakiwa mbele ya taa iliyowapa habari ya amri badala ya habari ya tendo. Mtu hawezi kuongoza vizuri kile anachoonyeshwa vibaya.

Tunayasema haya kwa sababu jambo hili si la Wamarekani peke yao. Tangu mwaka 2015 gesi ya Mtwara husafirishwa hadi Dar es Salaam katika bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500, na miji yetu inaishi kwa maji yanayotoka mbali. Vali moja ikidhaniwa imefunga, kumbe iko wazi, watakaoumia ni wananchi.

Kwa hiyo wanaonunua mitambo kwa fedha za umma wasiridhike na kuonyeshwa kitufe kinachobonyezwa na taa inayowaka. Wadai kipimo kinachosoma mahali mlango ulipo hasa, na kengele ya kulia ikiwa muda uliowekwa umepita kabla mlango haujafika. Kipimo cha shinikizo au cha mwendo wa maji kiwepo pia kama shahidi wa pili. Wadai iamuliwe mapema kama waya ukikatika vali ifunge, ifunguke au ibaki ilivyo. Aidha, gurudumu la mkono lisiondolewe, na wafanyakazi wazoezwe kulitumia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na amri isiyofuatwa na taarifa ya kweli ni daftari lililoandikwa upande mmoja tu.