Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi wetu tukiisikia methali hii tunafikiria duka na pesa tu. Mimi naona inahusu maneno pia. Ukituma barua bila kubaki na nakala, maneno yako yamekwenda nayo, na akitokea mtu wa kuyakana huna shahidi. Mjomba wangu alimwandikia mnunuzi mmoja wa mahindi kumdai pesa zake. Mnunuzi akasema hajui barua wala deni. Mjomba angesema nini? Maneno yake yaliishia hewani.

Watu wa kale waliliona jambo hili mapema. Kabla ya taipureta na karatasi ya kaboni, mfanyabiashara alikuwa na daftari kubwa la barua. Kila barua iliyotoka ilinakiliwa humo kwa mkono, pamoja na tarehe na jina la anayepelekewa. Daftari lilishonwa kwa sababu karatasi moja moja hupotea upesi, na ukurasa ukichanwa huacha alama. Mwaka wa 1780 James Watt, yule yule wa injini ya mvuke, alipata hataza ya mashine ya kunakili. Barua iliandikwa kwa wino maalum, ikawekewa karatasi nyembamba yenye unyevu, kisha zikagandamizwa pamoja. Wino kidogo ulihamia kwenye karatasi ile. Maandishi yalitokea kinyume, lakini ukiigeuza karatasi uliyasoma vizuri kwa upande wa pili.

Madaftari kama hayo yamehifadhiwa katika nchi nyingi. Moja ni la Eliza Lucas wa South Carolina, Marekani, lenye barua za kuanzia 1739 hadi 1762. Liko katika Chama cha Historia cha South Carolina, mjini Charleston. Alipolianza alikuwa na miaka kama yetu sisi wa kidato cha tatu! Baba yake, mwanajeshi wa Uingereza, alirudi kazini katika kisiwa cha Antigua, akamwachia binti huyo mashamba matatu ayasimamie. Mle daftarini mna habari za mbegu za nili, ile mimea ya rangi ya buluu ya kutilia nguo, ambayo aliijaribu kwa miaka kadhaa hadi ikafaulu mwaka wa 1744. Mna mambo ya nyumbani pia. Baba yake alipomtafutia mchumba tajiri, Eliza alimjibu kwa adabu kwamba hata utajiri wote wa Peru na Chile ukiunganishwa hautoshi kumfanya amkubali bwana huyo. Haya, nani angejua leo kama si daftari?

Lakini hebu tusimame hapo kidogo. Nili ile ililimwa na nani? Ililimwa na kukamuliwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Eliza anawataja. Anaandika hata kwamba aliwafundisha watoto wao kadhaa kusoma, na kwamba alitaka wasichana wawili wawe walimu wa wenzao. Walakini barua yao wenyewe hamna hata moja. Mwaka wa 1740 South Carolina ilitunga sheria ya kupiga marufuku kumfundisha mtumwa kuandika. Si bure. Aliyetunga sheria hiyo alijua kwamba kalamu ni silaha. Matokeo yake, bibi mwenye shamba tunamsikia kwa sauti yake mwenyewe, na waliotoa jasho tunawasikia kwa sauti ya bibi. Asiyeandika huandikiwa.

Tusidhani hayo ni ya mbali. Hapa kwetu, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka wa 1952, maelfu ya watu walifungwa katika kambi kama Manyani. Wengine waliandika barua za malalamiko kwa siri na kuzitorosha nje. J. M. Kariuki alikuwa mmoja wao, na alipigwa kwa sababu hiyo. Leo barua za wafungwa wa kambi zimo katika Jumba la Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi. Kwa upande wao, wakoloni walipoondoka walichoma majalada mengine, na mengine wakayabeba. Mwaka wa 2009 wazee wetu walienda mahakamani London, na mwaka wa 2011 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba majalada hayo yamefichwa mahali paitwapo Hanslope Park. Mwaka wa 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Kama karatasi zilikuwa takataka tu, kwa nini zilifichwa miaka hiyo yote?

Wako watakaosema eti siku hizi kuna simu. Sawa, lakini simu ikiibwa kwenye matatu, au ikianguka majini, si barua zako zimekwenda? Wengine watasema barua ni siri ya mtu. Hilo ni kweli, na siri iheshimiwe. Ila kutunza si kutangaza. Barua inaweza kufungiwa sandukuni hadi wahusika wakubali isomwe.

Mimi napendekeza mambo mawili. Kwanza, Chama chetu cha Kiswahili kinunue daftari moja gumu, na katibu anakili humo kila barua tunayotuma, kwa nambari na tarehe, kisha likae maktaba. Pili, sisi wa kutwa tunaorudi nyumbani kila jioni tuwaulize babu na nyanya zetu kama wana barua za zamani, kabla hazijauzwa kwa kilo na kufungiwa njugu sokoni. Nimekula njugu zilizofungwa katika barua ya mtu, jamani, na iliandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Wenzangu, tushike kalamu, na tuweke nakala. Tusipoandika habari zetu, wako watakaotuandikia, na watatuandika watakavyo.