Michirizi si urembo siku zote

Wadau, leo naacha siasa za jiji, nazungumzia maua. Msicheke.

Wiki iliyopita hapa Butimba mteja alimrudishia Mama muuza miche miche sita ya kana, yale maua yenye majani mapana kama ya mgomba. Majani yana michirizi ya njano, mengine yanakauka. "Umeniuzia ugonjwa!" Mama anasema ni njaa ya mbolea tu. Nikaitwa niamue, eti nimesoma. Jamani, nilisomea uandishi wa habari!

Nikaangalia kama tunavyoangalia muhogo. Kanda ya Ziwa nani hajui batobato? Tangu mlipuko ule mkali ulioingia Kagera kutoka Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, mkulima anaambiwa: chagua mbegu safi, ng'oa iliyougua. Wataalamu wa Ukiriguru wamehangaika sana na mihogo. Muuza maua sijaona akiambiwa lolote, na maua nayo yanalipa ada za watoto.

Njaa ya naitrojeni huanza na majani ya chini, yaliyozeeka. Jani zima hupauka, na ukiweka samadi majani mapya hutoka kijani. Miche ya Mama hata jani jipya limetoka na michirizi, tena iliyokatikakatika, na mmea umedumaa. Ipo kana iitwayo Pretoria, yenye mistari ya njano kwa asili, lakini ile imejipanga vizuri kila jani na mmea una nguvu. Hii siyo.

Kwa macho huwezi kuapa, maabara ndiyo yenye neno la mwisho. Ila mimi nilisema virusi. Kana hupandwa kwa kugawa tunguu la ardhini. Likiwa na virusi, watoto wake wote wanavyo, na dawa hakuna. Mama amegawa tunguu la mmea mmoja miaka mitatu.

Mteja alistahili hela yake, na amerudishiwa. Lakini kumwita Mama tapeli mbele za watu? Nani alimfundisha? Bwana shamba hupita barabara hiyohiyo kwenda kwenye mihogo.

Nilimshauri ang'oe ule mmea mama, auchome, na kisu akioshe vizuri. Jana jioni nimeukuta bado umesimama nyuma ya kibanda.

"Mwanangu, nikiung'oa, Krismasi nitauza nini?"

Sikuwa na jibu.