Maana 645 Si Kipimo cha Utajiri wa Lugha

Makala iliyodai kwamba Kiingereza ndicho kinachostahili madarasa ya wilaya za Mbulu na Hanang, kwa kuwa kitenzi chake kimoja tu, run, kina maana 645, imepima kitu kingine kabisa. Hesabu hiyo inatoka kwa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford, kazi iliyoasisiwa London mwaka 1857, toleo lake la kwanza likakamilika mwaka 1928, na hadi leo inaendelea. Kamusi ya Kiiraqw, lugha ya wilaya hizo, na Kiingereza ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling ilitoka mwaka 2002. Tofauti hiyo ni ya miaka na mishahara ya watunga kamusi. Haisemi lolote kuhusu vinywa vya wasemaji. Neno linalotumika sana huzaa maana popote: Kiiraqw hutumia neno la tumbo kueleza ndani ya kitu, na la mgongo kueleza juu yake.

Kiswahili nacho huzaa maana kwa kitenzi piga, na mwandishi wa makala hiyo atajibu kwamba piga simu, piga pasi na piga kura ni misemo tu. Basi afute na run ya kuendesha biashara, maana nayo hutegemea neno linaloifuata. Hoja nzito zaidi ni ya istilahi za sayansi, na hapo Kiingereza kina hazina kubwa kweli. Lakini istilahi hufaa kwa kubeba maana moja, si 645. Wilaya hizi zina Kiiraqw, Kidatooga, na Kihadza cha Yaeda Chini, lugha tatu za asili tofauti kabisa. Kabla ya kuziita maskini, azihesabie maneno yake kwa jasho lile lile.