Taarifa ya Mwenzako ni Amana

Jumamosi moja jioni, nikisubiri daladala, nilinunua karanga za mia tano. Mama muuzaji akachukua karatasi, akaikunja kama pembe, akanijazia. Nikala mpaka zikaisha. Kabla ya kuitupa ile karatasi nikaikunjua, maana mimi ni mtu wa kusoma kila chenye maandishi.

Ilikuwa barua ya kuomba kazi. Jina kamili la binti, mwaka wa kuzaliwa, namba ya simu, mtaa anaokaa, wadhamini wawili na namba zao. Nikaigeuza. Upande wa pili palikuwa na kopi ya kitambulisho chake. Picha yake ikawa inanitazama, chumvi ya karanga imemganda shavuni.

Sina neno na mama wa karanga. Yeye hununua karatasi chakavu, na kwake karatasi ni ya kufungia. Sina neno hata na karani aliyezitoa ofisini, kwani huenda aliambiwa asafishe kabati, naye akasafisha. Ila niliporudi nyumbani swali moja halikuniacha: binti yule alipoipeleka barua yake kwa matumaini, alidhani itafika mkononi mwangu?

Ndugu wananchi, naomba leo tuongee kama watu wa nyumba moja.

Wazee wetu walituachia neno zito: amana. Jirani akisafiri akakuachia ufunguo wake, au mama akakuwekea mkufu wake wa harusi, hukiuzi kitu kile, hukiazimishi, wala hukitumii kwa shughuli zako. Unakitunza, na mwenyewe akirudi unamkabidhi. Hakuna aliyekusainisha. Unajua tu kwamba kitu kile si chako.

Je, jina la mtu na namba yake ya simu si amana? Majibu yake ya hospitali je? Mshahara wake? Picha ya mwanawe? Sisi tunaoandika mambo haya kwenye madaftari, tunaoyapokea kwa simu na kuyaingiza kwenye kompyuta, ni watunzaji tu. Mwenyewe yupo.

Zamani habari ya mtu ilitembea kwa miguu. Ilitoka kisimani, ikafika sokoni, ikachoka. Leo picha moja ikitumwa kwenye grupu la watu mia mbili inafika Mwanza, Mombasa na Muscat kabla chai haijapoa. Na hata ukiifuta, wangapi wamekwisha kuihifadhi?

Tena mambo yameungana. Mnakumbuka foleni za mwisho wa 2019 na Januari 2020, tulipokwenda kusajili laini kwa alama za vidole? Tangu hapo namba ya simu ya Mtanzania imefungamana na kitambulisho chake cha Taifa. Kwenye simu hiyohiyo tunaweka fedha, tunakopa, tunalipa ada na kupokea ujumbe wa benki. Ndiyo maana kopi ya kitambulisho si karatasi kama karatasi nyingine.

Mtu mwovu akishajua jina lako, simu yako na mahali ulikoomba kazi, atashindwa nini kukupigia? "Habari dada, napiga kutoka ofisini, umechaguliwa, tuma elfu thelathini ya fomu." Mwizi wa namna hii hahitaji kuvunja dirisha. Anapiga hodi kwa jina lako, nawe unamfungulia.

Serikali zetu zimeliona jambo hili. Kenya ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019. Tanzania ikatunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024.

Sheria ni ndefu, lakini kiini chake kila mtu wa kwetu anakijua tangu utotoni. Unapofika kwa mtu unafanya nini? Unapiga hodi. Unasema wewe ni nani na umefuata nini. Ukikaribishwa sebuleni hupitilizi chumbani. Shughuli yako ikiisha, unaaga.

Basi na sheria inadai hayo hayo. Anayechukua taarifa zako akwambie anazichukulia nini. Achukue zinazohitajika tu. Asizitumie kwa jambo jingine usilolijua. Azilinde, na asikae nazo kupita haja. Nawe una haki ya kuuliza wana taarifa gani zako, kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa, na kukataa matangazo ya biashara usiyoyataka.

Lakini sheria haikai sebuleni kwako, wala haikai kaunta. Anayekaa hapo ni wewe na mimi. Kwa hiyo tuanzie nyumbani.

Kila nyumba ina droo yake ya makaratasi. Humo mna kopi za vyeti, risiti za benki, kadi za zahanati za watoto waliokwisha kuoa. Lini mara ya mwisho umeifungua? Kilicho hai kiweke kwenye bahasha. Kilichokufa kichane vipande vidogo au kitie motoni. Kisiende kufungia maandazi.

Na simu ile ya zamani unayotaka kumuuzia kijana wa mtaani? Toa laini, toa memori kadi, ondoa akaunti zako, kisha ifute yote irudi kama ilivyotoka dukani. Mafundi wetu wengi ni waaminifu, lakini kwa nini tumwachie fundi mzigo wa kuona yasiyomhusu?

Mtoto akifaulu tunafurahi, na picha inaruka. Ni furaha ya haki. Ila itazame kwanza kabla ya kuituma: fulana imeandikwa jina la shule? Nyuma kunaonekana geti la nyumbani? Cheti amekishika kwa namna ambayo namba zake zinasomeka? Na ile ya kuoga kwenye beseni, je, atakapokuwa na miaka ishirini ataifurahia?

Hata shule zimeanza kujifunza hili. Mwezi Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kutoa picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Sisemi haya kuwatisha walimu. Nasema kwa sababu dawa yake ni ndogo sana: barua moja kwa mzazi mwanzoni mwa mwaka, yenye swali moja na mahali pa kusaini.

Lipo jingine, nami naliomba kwa unyenyekevu. Ndugu akilazwa, mapenzi hutusukuma kumpiga picha kitandani, mpira puani, na kuituma kwenye grupu la ukoo tukiomba dua. Nia ni njema kabisa. Lakini mgonjwa ameulizwa? Dua haihitaji picha. Andika tu, "Mzee anaumwa, tumwombee," na Mungu anamjua ni yupi.

Sasa twende kazini. Hapo ndipo amana za watu wengi zinapokaa.

Mwezi uliopita nilikwenda steshenari kutoa kopi ya hati. Kijana wa kaunta akanionyesha namba iliyobandikwa ukutani: "Mzee, nitumie hapo kwa WhatsApp." Nikatuma. Akafungua kompyuta, na wakati anaitafuta hati yangu nikaona kwenye kioo mafaili yamepangana toka juu hadi chini. CHETI CHA NDOA. PASIPOTI YA MAMA. MAJIBU YA VIPIMO. CV MPYA. CV MPYA KABISA. CV YA MWISHO SASA.

Nikacheka, naye akacheka. Nikamwuliza, "Mwanangu, hizi zote unazifanyia nini?"

Akanijibu bila kuficha: "Hakuna la kuzifanyia, mzee. Nasahau tu kufuta."

Nikamwambia, "Hapo una vyeti vya mtaa mzima. Ukiibiwa kompyuta usiku wa leo, kimeibiwa chako peke yako?" Akanyamaza kidogo. Kisha akachapa hati yangu, akaichagua kwenye kioo, akaifuta, akaenda kwenye pipa la kompyuta akalimwaga, na kwenye simu nako akaondoa. Kazi yote haikufika dakika moja.

Nimepita pale tena wiki hii. Amebandika karatasi chini ya ile namba, kwa kalamu nene: TUKISHACHAPA TUNAFUTA. Anasema kuna wateja wameanza kuvuka barabara kumfuata yeye.

Mnaona, ndugu zangu? Hakununua mtambo wowote. Aliweka desturi.

Wewe mlinzi wa getini, daftari lako la wageni lina majina na simu za watu wengi, na kila anayekuja huwasoma waliomtangulia. Je, kipande cha boksi cha kufunika mistari ya juu kitakugharimu nini? Na kama bosi wako hajawahi kuuliza namba ya kitambulisho cha mgeni, kuna haja ya kuiandika?

Wewe wakala wa fedha, unatukomboa kila siku, tunakushukuru. Mteja akija kutoa laki tatu, mwulize kwa sauti ya chini. Foleni ya nyuma haina haja ya kujua anaondoka na shilingi ngapi.

Wewe nesi wa zahanati, unayeita majina tangu alfajiri, tunajua ulivyochoka. Ita jina, lakini ugonjwa wake uusemee ndani, mlango ukiwa umerudishwa.

Nanyi wa maofisini? Kompyuta ibaki wazi unapokwenda kunywa chai? Neno la siri bado limebandikwa pembeni mwa kioo? Orodha ya mishahara ni lazima ipite kwenye grupu la kazini, ambamo hata aliyeacha kazi mwaka juzi bado yumo? Pangeni siku moja kwa mwezi ya kupitia mambo haya: nani bado ana funguo, nani atolewe kwenye grupu, faili gani limemaliza kazi yake. Na makaratasi ya kutupwa yakitoka, yachanwe kwanza.

Sehemu nyingine wafanyakazi wanasaini kwa kidole. Ni teknolojia nzuri, foleni imepungua. Lakini waajiri wetu wakumbuke kwamba neno la siri likivuja hubadilishwa, ilhali kidole hakibadilishwi. Anayetunza alama za vidole za watu ametunza kitu wasichoweza kupewa kingine. Azitunze hivyo.

Kisha kuna huyu mgeni mpya, akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba. Inaandika barua, inafupisha ripoti, inasahihisha lugha. Mimi mwenyewe sioni ubaya kijana akirahisisha kazi yake. Ila ukimwandikia mteja barua ya deni, halafu ukamwaga humo jina lake, namba ya akaunti na historia yake yote, umempa nani amana ile? Imetoka ofisini kwenu, imekwenda kwenye mitambo ya kampuni ambayo mteja wako hakuwahi kuipigia hodi.

Njia ipo. Toa jina, weka "mteja". Toa namba, acha nafasi. Barua ikirudi, jaza mwenyewe. Na viongozi wa ofisi waseme waziwazi lipi linaruhusiwa, ili mfanyakazi asibahatishe peke yake.

Na tukishatapeliwa? Tusione haya, wajanja hawa wamewapata hata wasomi. Kwa Tanzania, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukiikuta usiyoijua nenda kwa mtandao husika. Ujumbe wa kitapeli upeleke namba 15040 ili namba ile ishughulikiwe. Mwambie na jirani, maana aliyeonywa jana ndiye anayepona leo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wakubwa, wenye siri na fedha. Mimi nasema aliye na kidogo ndiye anayeumia zaidi. Tajiri akiibiwa laki tano atanung'unika. Mama wa genge akiibiwa laki tano, genge limefungwa.

Basi naomba kila mmoja wetu achague jambo moja tu wiki hii. Droo ya nyumbani, au simu ya zamani, au lile daftari la getini. Ukishalifanya, mfundishe mmoja, kwa upole, kama vile unavyomwambia mtu kwamba kifungo chake kimefunguka.

Ile karatasi ya karanga sikuitupa kituoni. Nilikwenda nayo nyumbani, nikaichana vipande, nikavitia jikoni chini ya sufuria ya chai. Nilianza na kile chenye picha. Binti yule hanijui, na hana haja ya kunijua. Naomba tu kwamba popote ilipo barua yake nyingine, iwe imeangukia mkononi mwako.