Mama, Nataka Kuwa Gavana

Kuna maneno ambayo mtoto akikuambia ukiwa jikoni, jambo la kwanza utakalofanya ni kucheka. "Mama, nataka kuwa gavana." Unacheka, kisha unamwambia akamalize kufagia ua. Lakini mwaka 2018 huko Marekani, katika jimbo la Vermont, kijana mmoja aitwaye Ethan Sonneborn aliutaka ugavana akiwa na umri wa miaka 14, na jina lake likaandikwa kwenye karatasi ya kura pamoja na majina ya watu wazima.

Usidhani ulikuwa mchezo wa shuleni. Katiba ya Vermont haitaji umri wa gavana. Inachodai ni kwamba awe ameishi katika jimbo hilo kwa miaka minne kabla ya uchaguzi, na Ethan, mkazi wa mji mdogo wa Bristol, alikuwa ameishi huko muda wa kutosha. Lilibaki sharti la kukusanya sahihi za wapiga kura zisizopungua 500. Hebu fikiri, dada yangu. Sahihi mia tano ni watu wazima mia tano, na kila mmoja ana haki ya kumtazama kijana huyo toka juu hadi chini na kumwuliza, "Wewe mtoto, nikutilie sahihi kwa sababu gani?" Alizipata.

Basi sababu zake zilikuwa zipi? Alizungumzia matibabu ya watu na elimu, mambo ambayo hata sisi tukikaa mkekani tunayazungumza kila siku. Alieleza pia kwamba alitaka watu wayapime mawazo yake kwanza, na umri wake waukumbuke baadaye. Naona hilo ni jibu la mtu aliyekaa akafikiri. Watoto wetu wengi ukiwauliza kwa nini wanataka ukubwa, watakutajia msafara wa magari na walinzi. Na wamejifunza wapi? Kwetu sisi, tunaotoka mbio kwenda kuutazama msafara ukipita.

Tukumbuke pia hali ya mwaka ule. Tarehe 14 Februari 2018, mtu mwenye bunduki aliua watu 17 katika shule moja ya sekondari mjini Parkland, jimbo la Florida. Wengi wao walikuwa wanafunzi. Mwezi uliofuata vijana wa nchi ile waliandamana kwa wingi sana, wakiwadai wakubwa wabadilishe sheria za silaha. Mzazi aliyemwambia mtoto wake siku zile, "Siasa si mambo ya watoto," alikuwa na kazi ngumu, maana waliouawa walikuwa watoto.

Hata huko Kansas, jimbo jingine ambalo sheria yake haikutaja umri, vijana kadhaa wa sekondari walijitokeza kugombea ugavana mwaka huohuo. Wa kwanza kujitokeza, Jack Bergeson wa mji wa Wichita, alianza akiwa na miaka 16. Wabunge wa Kansas hawakupendezwa. Mwaka huohuo wa 2018 walipitisha sheria ya kuweka umri kwa chaguzi za baadaye. Mlango ulifungwa, ila waliokwisha kuingia waliachwa wamalize.

Gavana wa Vermont wakati ule, Bwana Phil Scott, alisema kwamba anayetaka kiti hicho angalau awe amefika umri wa kupata leseni ya kuendesha gari. Watu walicheka, na mimi nilicheka pia. (Bwana Scott mwenyewe ni dereva wa mashindano ya magari, kwa hiyo mfano huo haukumsumbua kuutafuta.) Lakini neno lake lilinifanya nifikiri jambo jingine. Kijana asiye na leseni hawezi kujipeleka kwenye mikutano ya kampeni. Ni lazima mtu mzima ashike usukani, amsubiri mwanawe aseme, kisha amrudishe nyumbani akafanye kazi za shule.

Hapo ndipo penye mtihani wetu, mama mwenzangu. Kumruhusu mtoto kusimama mbele za watu ni kumruhusu achekwe. Atatukanwa na watu wasiomjua, na huenda masomo yakayumba. Tena kuna baba wa nyumba, ambaye pengine atauliza ni nani aliyemtia mtoto wazimu huu. Simlaumu mama atakayesema hapana. Ila asiseme hapana kabla ya kuuliza "kwa nini", na akiisha kuuliza, anyamaze asikilize mpaka mwisho. Sikiliza jibu linaanzia wapi. Likianza na "watu watanijua," mrudishe kwenye ufagio. Likianza na mgonjwa aliyekosa dawa, au mwenzake aliyeacha shule, weka mwiko chini, ukae.

Nikiulizwa mimi, kijana wa miaka 14 nisingempa jimbo. Gavana hupanga fedha za watu, hutia sahihi sheria, huamua kumsamehe mfungwa au kutomsamehe. Mambo hayo yanahitaji mtu aliyewahi kuzika na kulipa kodi ya nyumba. Lakini kuwa na sababu njema ni jambo moja, na kuwa tayari kwa kazi ni jambo jingine, na sisi akina mama mara nyingi tunaona la pili halipo, tunatupa na lile la kwanza. Sababu njema ikitunzwa, miaka itaongezeka yenyewe.

Kura za mchujo za chama cha Democratic zilipigwa tarehe 14 Agosti 2018. Wagombea walikuwa wanne. Christine Hallquist alishinda, na mwezi Novemba naye akashindwa na Bwana Scott. Ethan alikuwa wa mwisho kati ya wale wanne, akiwa na takriban asilimia 8 ya kura. Yeye mwenyewe hakuweza kujipigia hata moja, kwa sababu umri wa kupiga kura alikuwa hajaufikia.