Lualaba: Ramani ya hatari itangulie mvua

Tarehe 15 Novemba 2025, kwenye mgodi wa Kalando huko Mulondo, jimboni Lualaba, daraja la kubahatisha juu ya mtaro uliojaa maji lilivunjika kwa uzito wa wachimbaji. Serikali ya jimbo ilitangaza vifo visivyopungua 32, na hesabu nyingine zilizidi hapo. Eneo hilo lilikuwa limekatazwa. Mvua zilikuwa zimeanza, udongo umelegea, na viongozi walikwisha kuonya kwamba ardhi inaweza kuporomoka. Watu waliingia kwa nguvu. SAEMAPE, idara ya serikali inayohudumia wachimbaji wadogo, ilieleza kwamba milio ya risasi za askari ndiyo iliyozusha hofu, watu wakakimbilia darajani na kuangukiana.

Kwa hiyo asitokee mtu wa kusema hatari haikujulikana. Ilijulikana na ikakatazwa, lakini mtu aliyekatazwa hakuonyeshwa pengine pa kupata chakula cha siku hiyo.

Kila msimu wa mvua, Kolwezi huzungumza juu ya majanga kana kwamba yote hutoka mbinguni. Tarehe 27 Juni 2019, mashimo ya wachimbaji wa mikono yaliporomoka ndani ya mgodi wa Kamoto Copper Company, kampuni ya kundi la Glencore, na kuua watu wasiopungua 43. Juni ni kiangazi, hakuna tone la mvua. Maji huongeza tu hatari ambayo sururu imekwisha kuitengeneza.

Kasulo inafahamika zaidi. Tangu 2014, kobalti ilipogunduliwa chini ya mtaa huo, watu walichimba uani na hata ndani ya vyumba vyao. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta na familia zikahamishwa. Lakini shimo halijui ukuta. Aliyechimba hapa hutokea chini ya jikoni la jirani, na jirani hana karatasi yoyote ya kumwambia nyumba yake imesimama juu ya nini.

Hata wenye mitambo hushtukizwa. Mei 2025, mgodi wa Kakula, magharibi ya Kolwezi, ulitikisika chini ya ardhi na maji yakaanza kujaa. Kazi ilisimamishwa na wafanyakazi wakaondolewa. Pale kulikuwa na vipimo, na kulikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuamuru watu watoke. Mchimbaji wa Kalando hana kipimo, na amri inayomfikia huja na bunduki.

Serikali ya jimbo, pamoja na Ulinzi wa Raia na SAEMAPE, ifanye tathmini mtaa kwa mtaa: mashimo ya zamani yako wapi, mitaro ipi imeziba, nyumba zipi zina nyufa, mabwawa ya takataka za migodi yako upande gani wa visima vya watu. Machifu wa mitaa na wachimbaji wenyewe waulizwe kwanza, maana wao ndio wanaojua mashimo yanaelekea wapi. Kisha ramani ibandikwe ofisini kwa komini, Dilala na Manika, na sokoni pia. Ripoti inayofungiwa kabatini haijamwokoa mtu.

Pesa zipo. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inatoa asilimia 25 ya mrabaha kwa jimbo na asilimia 15 kwa komini, sekta au himaya ya kichifu yenye mgodi. Mkaaji wa Manika ana haki ya kuuliza ni kiasi gani cha asilimia hizo kilichimba mtaro hata mmoja.

Sheria hiyohiyo inaruhusu kutengwa kwa maeneo ya wachimbaji wa mikono. Mengi ya yaliyotengwa hayana madini ya kufikiwa kwa sururu, au yako mbali mno na mji. Maeneo yenye madini yakikosekana, katazo la Novemba ijayo litavunjwa kama lile la Kalando. Kiangazi kinaanza Mei na mvua zinarudi Oktoba. Muda wa kupima ni huo.